Punda wa mjomba na "naam" ya mtoto

Mwaka jana nilikuja nyumbani Lamu likizo, siku ya tatu tu punda wa mjomba akapotea, kamba imekatika. Mpwa wangu wa miaka minne ndo alokuwa akicheza pale dakani basi akaitwa. Bibi: "Ni Athumani kaikata, sivyo?" Mtoto kimya. Mama mkubwa nae: "Ulimuona Athumani eeh, sema mwanangu." Akasema la. Wakarudia, mara ya tatu akasema naam, mara ya nne Athumani tayari ana kisu na kanzu nyeupe! Magharibi punda huyoo karudi mwenyewe, na Athumani kumbe alikuwa Mokowe, ng'ambo bara, tangu alfajiri. Watu wakacheka, ati mtoto muongo.

Si muongo jamani. Mi nafanya kazi chekechea huku Leicester, Uingereza, mtoto akikwambia jambo zito hatutakiwi kumhoji, unamsikiza, unaandika maneno yake vilevile alivyosema, unampelekea anayehusika. Wenye kuhoji ni polisi na watu wa ustawi wa jamii waliosomea, anarikodiwa video, anaambiwa "kusema sijui ni sawa, nikikosea nisahihishe," halafu "haya niambie yote". Mtoto mdogo ukimrudishia swali lilelile anaona jibu lake la kwanza lilikuwa baya, tena hajui vizuri kutenganisha alichokiona na alichokisikia kwa bibi.

Wazungu wenyewe wamejifunza kwa machungu. Kule California kesi ya chekechea ya McMartin ilianza 1983, watoto wakasukumwa na maswali mpaka wakasema kuna mahandaki chini ya shule, ikaisha 1990 hakuna hata mmoja aliyepatikana na hatia. Na hapa Uingereza msidhani ni peponi, kesi zachelewa mno mtoto anakua akingoja.

Ila sisi tuna letu, adabu. Mtoto asimkatalie mkubwa, akiitwa aitike naam. Na sheria ya ushahidi Kenya, kifungu cha 124, kwenye kesi za unajisi yaruhusu mahakama kuhukumu kwa neno la mtoto peke yake ikiridhika asema kweli, mimi naiunga mkono kabisa, lakini basi yule wa kwanza kumuuliza, na mara nyingi ni bibi jikoni, asimtilie maneno mdomoni.

Usiku ule nikampakata nikamwambia tu, niambie ya punda. Akasema "katafuna kamba," akalala. Asubuhi nikaenda kuiangalia. Nchani imetafunwa, imelowa mate.