Dokumentari Isiyosema Imejuaje, Mimi Sina Muda Nayo

Shemeji yangu ni mtu mwema, ila ana ugonjwa wa kutuma video. Juzi kanitumia moja ndefu kuhusu Mansa Musa, yule mfalme tajiri wa Mali ya kale, chini yake kaandika: "Shem, hii usiipite." Nikaifungua. Haikuchukua muda, ikatokea "picha halisi ya Mansa Musa": mzee mwenye ndevu za kupendeza, kakaa juu ya kiti cha dhahabu, ngozi inang'aa kama ya tangazo la losheni. Mkono wa kushoto una vidole sita. Mansa Musa alikwenda kuhiji mwaka 1324, kamera imekuja karne tano baadaye, lakini sauti ya mashine inaendelea tu bila haya: eti utajiri wake ulikuwa dola bilioni 400. Nani alikaa na mhasibu wake?

Vidole sita ningevisamehe. Kilichonichefua ni kwamba habari yenyewe ya kweli ni tamu kuliko upuuzi ule. Mwandishi al-Umari alizungumza na watu wa Kairo zaidi ya miaka 10 baada ya msafara kupita, na bado walikuwa wanasimulia jinsi dhahabu ilivyomwagwa mjini mpaka bei yake ikaporomoka. Na picha ipo! Imo kwenye ramani iliyochorwa Majorca, kisiwa cha Uhispania, mwaka 1375, leo inatunzwa Paris: mfalme kaketi, kashika donge la dhahabu. Aliyeichora hakuwahi kumwona, na Musa alishakufa miongo kadhaa nyuma. Yaani hata sura yake tumeipata kwa uvumi uliovuka jangwa na bahari. Hiyo peke yake ni dokumentari nzima. Wao wakaona bora watuletee mzee wa losheni.

Ndiyo maana mtu akiniomba nimpendekezee dokumentari ya historia au ya safari, sijali sana picha ina ukali gani. Nauliza: hawa wamejuaje? Wananionyesha barua, jiwe, ramani, mtu aliyekuwepo? Au wananipigia ngoma za kutisha huku msimulizi akinguruma kwamba "wataalamu wanaamini"? Wataalamu gani? Hawana majina? Walichimba wapi? Ukiona dakika 10 zimekwisha hujatajiwa chanzo hata kimoja, lakini mapanga, moto na farasi wa mwendo wa polepole umeshawaona mara nne, zima ukalale.

Wapo wajanja zaidi ya hao wa ngoma. Ancient Apocalypse ilipotoka Netflix mwaka 2022, kila mtu niliyemjua aliniuliza kama nimeiona. Niliiona. Mwandishi Graham Hancock anazunguka dunia, mandhari ya kutoa machozi, anadai kulikuwa na ustaarabu mkubwa ulioangamia mwishoni mwa zama za barafu, na walionusurika ndio waliowafundisha wengine kulima na kujenga. Ushahidi wa huo ustaarabu uko wapi? Umepotea. Kazi imekwisha, tunaendelea na kipindi kinachofuata. Society for American Archaeology, chama cha wanaakiolojia, kiliiandikia Netflix barua kikitaka mfululizo ule uhamishiwe kwenye rafu ya hadithi za kubuni za kisayansi. Jibu la Netflix tuliliona 2024: msimu wa pili.

Nitampa haki yake kwa shingo upande: jamaa anajua kusimulia, na wanaakiolojia wengi wangekwenda kwake kujifunza kuongea bila kusinziisha watu. Lakini hii hadithi ya mgeni mwerevu aliyekuja kuwafundisha wenyeji ni ya zamani, na haichekeshi. Great Zimbabwe, magofu ya mji wa mawe kusini mwa Afrika, ilichunguzwa na mwanaakiolojia David Randall-MacIver mwaka 1905, akasema ni kazi ya Waafrika. Gertrude Caton-Thompson akachimba tena mwaka 1929, akasema vilevile. Bado miaka ya 1970 serikali ya walowezi ya Rhodesia ilikuwa inabana vitabu vya mwongozo visiliseme hilo waziwazi. Kwa hiyo mtu akija na "mimi nauliza maswali tu," mimi naangalia ni nani ananyang'anywa kazi ya mikono yake ndani ya hilo swali.

Mnataka kuona ushahidi unavyopendeza kwenye skrini? Tafuteni Cave of Forgotten Dreams ya Werner Herzog, ya mwaka 2010. Pango la Chauvet, kusini mwa Ufaransa, liligunduliwa Desemba 1994 na limefungwa kwa umma. Herzog aliruhusiwa kuingia na watu wachache na vifaa vidogo, wakipita juu ya kinjia chembamba cha chuma, marufuku kukanyaga pembeni. Mule ndani kuna ukuta wenye alama nyekundu za viganja. Mtaalamu anakuonyesha kwamba aliyepiga viganja vile alikuwa na kidole cha mwisho kilichopinda kidogo. Halafu mnakwenda mbele zaidi, gizani, na alama ya kidole kilekile kilichopinda inatokea tena. Mtu mmoja, zaidi ya miaka 30,000 iliyopita, na umemtambua kwa kidole! Mahali pengine kuna nyayo za mtoto na za mbwamwitu pamoja. Mbwamwitu alikuwa anamwinda mtoto? Walikuwa wakitembea kama marafiki? Au walipishana kwa maelfu ya miaka? Herzog anauliza, kisha anasema hatutajua kamwe. Basi. Hakuna ngoma. (Mwishoni anatuletea mamba weupe ambao mpaka leo sijaelewa walifuata nini. Ndivyo alivyo.)

Sasa mnivumilie, maana hapa nitarefusha. Shoah ya Claude Lanzmann ilitoka 1985 na ina zaidi ya saa 9. Inahusu mauaji ya Wayahudi chini ya Wanazi, na ndani yake hakuna picha hata moja ya kale. Si maiti, si Hitler akifoka jukwaani. Kuna watu wanaongea, na kuna mahali palipobaki: misitu, reli, uwanja wa majani. Kuna dereva wa treni aliyekuwa akivuta mabehewa kwenda Treblinka, kambi ya mauaji, na ishara yake ya kupitisha mkono shingoni, yaani kifo.

Na kuna Abraham Bomba, kinyozi. Anahojiwa saluni, Tel Aviv, huku anamkata mtu nywele. Treblinka walimlazimisha kuwakata nywele wanawake dakika chache kabla ya kuuawa kwa gesi. Anaeleza kama fundi anayeeleza kazi: mlikuwa wangapi, mlitumia nini, mlikaa wapi. Mkasi unakwenda. Kisha anamfikia kinyozi mwenzake, rafiki yake, ambaye siku moja mkewe na dada yake waliingizwa chumba kile. Hapo maneno yanamkatika. Mkasi unarudi kichwani kwa mteja, mdomo haufunguki. Anaomba waachie hapo. Lanzmann anamwambia lazima aendelee. Kamera haizimwi, wala hakuna muziki wa kukuokoa. Unabaki na uso wa mtu.

Najua yanayosemwa. Saluni ile ilikodiwa makusudi, Bomba alikuwa ameshastaafu, na Lanzmann alimbana mzee wa watu kupita kiasi. Hilo la mwisho linaniingia, na kila nikiitazama sehemu ile natamani mtu aingie amwambie mwongozaji akae chini. Lakini nioneshe mapambano ya kuigizwa yaliyowahi kukufahamisha jambo kwa namna ile. Kwenye hizi dokumentari za siku hizi, Bomba angepewa sekunde 12, wangemwekea kinanda, kisha wangekata kwenda kwa mwigizaji mwenye uso wa huzuni.

Tuhame, roho zitulie.

Ya Ali Mazrui, The Africans: A Triple Heritage, 1986, sehemu 9, iliyotengenezwa na BBC na PBS, bado inanikosha. Mzaliwa huyu wa Mombasa anatembea, anachokoza, anatania, na hakuna sekunde unayosahau kwamba ni yeye anayesema na ni hoja yake. Lynne Cheney, aliyekuwa anaongoza taasisi ya serikali ya Marekani iliyochangia fedha, aliona inaishambulia Magharibi, akataka jina la taasisi liondolewe kwenye filamu. Tangazo gani lingeshinda hilo? Mavazi na muziki wake vimechuja, sibishi, na kuna hoja unazotaka kumkatiza. Ukitaka mtu wa sauti tulivu, mtazame Zeinab Badawi, History of Africa, iliyoegemea Historia Kuu ya Afrika ya UNESCO. Anawahoji wanahistoria wa Kiafrika wakiwa kwao. Wakati mwingine ana adabu mno kwa mahojiano yanayohitaji ukorofi kidogo.

Za safari ndizo zinazonitia uvivu zaidi. Mtu kashuka kwenye ndege, kala mdudu, kakunja uso, kasema "watu wa hapa ni wakarimu sana," huyo kaondoka. Michael Palin hakuwa hivyo. Kwenye Around the World in 80 Days, ya BBC, 1989, kipande kinachobeba safari nzima ni jahazi kutoka Dubai hadi Bombay. Takriban wiki nzima baharini na mabaharia wa Kigujarati, hana pa kukimbilia. Tumbo linamwendesha, nao ndio wanaomhudumia. Anambandika mmoja wao spika za masikioni amsikilizishe Springsteen, na sura ya yule bwana ndiyo dakika bora ya mfululizo mzima. Wanapofika anashindwa kuagana nao vizuri. Mwendo wa polepole ndio uliomlazimisha kuwajua.

Kon-Tiki nayo. Mwaka 1947 Thor Heyerdahl, mtafiti wa Norway, na wenzake watano walitoka Callao, Peru, kwa chelezo cha magogo, wakafika kisiwa cha Raroia baada ya siku 101. Filamu wameipiga wenyewe, inatikisika, na papa potwe anapopita karibu na chelezo picha ni fupi na mbovu, kwa sababu wanaadamu walikuwa na shughuli ya kutokufa. Ikapata Oscar. Nadharia aliyotaka kuithibitisha, kwamba Polynesia ilikaliwa kwanza na watu kutoka Amerika Kusini? Kimsingi ilikuwa na makosa: lugha, akiolojia na vinasaba vinaonyesha watu wa Polynesia walitokea upande wa Asia, ingawa utafiti wa vinasaba wa mwaka 2020 ulikuta dalili za kukutana na watu wa Amerika Kusini. Tofauti yake na Hancock ni kwamba huyu alipanda kwenye chelezo.

They Shall Not Grow Old ya Peter Jackson, 2018, niliisusa kwa sababu ya kupaka rangi filamu za Vita vya Kwanza. Sauti za maveterani wenyewe, zilizorekodiwa miongo mingi nyuma, zikanilainisha. Za rangi bado nina kinyongo. Nanook of the North ya 1922, ya mwindaji wa Kiinuit huko Kanada, tazameni mkijua kwamba mengi yalipangwa, mpaka jina la mhusika. Roadrunner ya 2021 ilimtengenezea marehemu Anthony Bourdain, mpishi na mtangazaji wa safari, sauti kwa kompyuta bila kutuambia humo ndani, na hilo silisamehe.

Mkitaka kuanza leo usiku, anzeni na When We Were Kings: pambano la ndondi la Muhammad Ali na George Foreman, Kinshasa, Oktoba 1974. Haifiki dakika 90, ina James Brown na Miriam Makeba, na ilikwama kwa miaka zaidi ya 20 kabla ya kutoka 1996, sababu kubwa ikiwa fedha. Shoah igaweni siku kadhaa. Na ikifika zamu yake, simu zikae chumba kingine.