Voisi ya Mchopa haijamalizia stori

Najua mmeshaisikia ile voisi ya Mchopa kwenye magrupu, eti nimekimbizwa na mjusi. Kwanza sio mjusi, ni kenge, na yule kenge ni mrefu kuliko koleo. Pili Mchopa kakatisha stori pale panapomfaa yeye, sasa tulieni.

Jumamosi tulienda Ruvuma, upande wa Kilambo, na kirikuu ya shemeji, kuchota mchanga wa kujengea choo changu (mnaouliza choo kimefikia wapi, hakijafikia popote). Pale kuna mzee wa mtumbwi, tukamwamkia, akasema wajukuu angalieni, mamba wapo. Basi mimi kwa vile wiki nzima nimeshinda YouTube nikaanza kumfundisha mzee wa watu mamba. Nikamwambia mzee wangu, mamba wengine wanasingiziwa tu, kule India mto Chambal kuna anaitwa ghariali, mdomo mwembamba kama mwiko, meno yanapita 100 lakini kazi yake samaki tu, dume ana kinundu puani kama kachungu, na akishakuwa mkubwa, nchi kavu hawezi hata kuinua tumbo, anajiburuza. Na huyo ndo anaisha masikini, mabwawa yamemharibia mito, nyavu zinamnasa anakufa maji, 2007 kuingia 2008 walikufa zaidi ya 100 hapo hapo Chambal, na zile fukwe anazotagia watu wanazoa mchanga wakajengee.

Nayasema hayo huku nachota mchanga. Mzee akaliangalia koleo, akaniangalia mimi, akanyamaza.

Mara matete nyuma yangu yakafanya chwaa. Nikageuza shingo, shingo tu, mwili umegoma. Nikaona mkia. Mkia hauishi. Koleo likaniponyoka likatua kwenye kidole gumba, nikataka kusema "mamba" ikatoka "mmma" (Mchopa anasema nilimwita mama, uongo, neno lilikatikia njiani). Nikaparamia kingo, mchanga unaporomoka, napanda hatua mbili nashuka tatu, yeboyebo ya kushoto ikazama, bukta ya mpira uliolegea ikabaki magotini, mwisho nikalala kifudifudi najivuta kwa viwiko, tumbo chini, najiburuza.

Mzee akauliza taratibu, "Mjukuu wangu, ndo huyo wa India?"

Mchopa alicheka mpaka akakaa chini. Voisi yake inaishia hapo. Ambacho hamjasikia ni kwamba mzee alinyamaza ghafla akasema, kenge akifukua mchanga hivyo ujue kuna mayai ya mamba, na mama mtu hakai mbali. Jamani, Mchopa alipita juu yangu. Juu yangu! Alama ya kisigino ninayo mgongoni, nitapiga picha.

Mchanga haukufika nusu kirikuu, shemeji anadai hela ya mafuta. Anayepita Kilambo wiki hii anicheki, yeboyebo ni ya bluu, mguu wa kushoto.