Wapangaji Wapya

Jamani, mimi ni mtu mzima, nina heshima zangu mtaani, na leo nimekwenda kazini na manyoya mgongoni. Maji yamekatika, tushazoea. Luku imeisha usiku wa manane, tusiiongelee. Lakini paka kuhamishia wanawe juu ya suti yangu ya harusi, ndani ya kabati langu? Hapo hapana.

Nikamwita mama mwenye nyumba. Akachungulia, akashika mdomo. "Mashallah! Usiwaguse, mwanangu, hata macho hawajafumbua."

"Watafumbua lini?"

"Wiki, wiki mbili."

"Na suti yangu?"

"Hee! Suti na kiumbe cha Mungu?"

Mimi kuingia chumba kile nimelipa kodi ya miezi sita, na dalali akala ya mwezi juu yake. Huyu mwenzangu kazalia stoo ya mkaa, hakupapenda. Akawabeba kwa shingo mmoja mmoja hadi chini ya kitanda cha fundi cherehani, napo pana kelele. Ndipo akaona kabati langu linamfaa. Dalali hana, mkataba hana!

Wako wanne: mweusi, wa rangi ya chungwa na wawili madoadoa. Nikauliza baba yao nani, nimdai hela ya dobi. Kijana wa chumba cha mbele, anayesomea mifugo Morogoro, akakohoa. "Anko, kitaalamu mzao mmoja unaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja." Ua mzima kimya. Shume wa buchani akajilamba mguu, akajiondokea zake.

Mke wa fundi akaleta kisahani cha maziwa. Kijana akadakia: "Usiwape ya ng'ombe, shangazi, wataharisha."

"Wataharishia wapi?" nikauliza.

Wote wakaangalia kabati.

Nikasema basi, wahame. Mama mwenye nyumba akanikumbusha panya. Panya gani? Wanapita mbele yake, yeye anasubiri vichwa vya dagaa vyangu! Na dagaa zenyewe siku hizi unapimiwa kwa kikombe cha kahawa kama dawa. Halafu mimba ya paka ni miezi miwili tu, na anaweza kushika nyingine huku ananyonyesha. Kabati lina milango miwili, nitalala wapi mimi?

Usiku shume kapanda juu ya bati, analia kama kadhulumiwa mirathi. Bati lenyewe linavuja, vuli hiyo inakuja, naambiwa fundi wa bati kasafiri. Fundi gani huyu, kaaga tangu Ramadhani, na ngazi yangu kaondoka nayo!