Shangazi Kwenye Pedi ya 13

Kwa kuwa Fundi, mwenzangu wa spika, ameshaisambaza ile video ya sekunde 14 katika makundi matatu ya WhatsApp, likiwemo la ukoo ambalo msimamizi wake ni mama yangu mzazi, naona ni haki yangu nami nieleze yaliyotokea Jumamosi kabla hayajageuka hadithi ya kusimuliwa misibani. Fundi anadai kwamba nilisimama mbele ya ukumbi mzima hapa Tanga, nikashika maikrofoni kwa makusudi, nikamtukana shangazi yangu katika sherehe ya kumuaga binti yake. Huo ni uongo. Maikrofoni sikuishika hata kidogo. Ilikuwa imelala mezani, na hilo ndilo lililoniponza.

Sampla yangu, ile mashine ya kurekodi sauti na kuzitoa ukigonga vitufe vyake vipana viitwavyo pedi, mnaijua, maana nimewachosha nayo tangu binamu aliponiletea kutoka Muscat: SP-404MKII, ile iliyotoka mwaka 2021, yenye uzito wa kilo moja na kitu na pedi 16 zilizopangwa nne kwa nne, mpangilio ambao wapiga biti wameuzoea tangu enzi za MPC60, sampla ya mwaka 1988. Kompyuta niliachana nayo baada ya umeme kuninyang'anya kazi ambazo sikuwa nimezihifadhi mara tatu katika wiki moja, nikaapa kwamba muziki wangu hautategemea tena kitu kinachozimika bila kuaga. Sampla hii naiendesha kwa pawabenki, na pawabenki ikichoka naipa betri sita ndogo, nikaendelea kugonga huku mtaa mzima ukijipepea kwa vipande vya boksi. Nilijisifu sana kwa uamuzi huo. Baadhi yenu mlinipa hata alama za makofi, na leo naomba mzirudie kuzitazama kwa huruma.

Sauti zangu nazitafuta mwenyewe. Kishindo cha chini ni mchi ukitua kwenye kinu, na ile sauti nyembamba ya juu ambayo mlidhani ni ya kununua ni mbuzi ya kukunia nazi, niliyoirekodi uani kwa Shangazi mwenyewe akiwa amekaa juu yake, anakuna, na kila baada ya mikuno minne anasita kidogo kugeuza kifuu. Kule kusita kwake ndiko kunakoifanya biti iyumbe vizuri. Nimewahi kujaribu kukunyoosha kukawa sawasawa, biti ikafa palepale, nikakurudisha. Juu yake nimeweka kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, ya mzee mmoja wa taarabu aliyekubali kunipigia kwa malipo ya chai na vitumbua.

Sasa, kwa faida ya wasioijua mashine hii, lazima nieleze uwezo wake mmoja, kwa sababu bila huo kisa hakieleweki. Mashine hii husikiliza hata usipoiambia isikilize. Inazihifadhi sekunde 25 zilizopita za kila kinachopita ndani yake, ili ukibahatika kupiga kitu kizuri bila kurekodi, ubonyeze kitufe kimoja tu, nayo ikurudishie ulichokipiga, ukiweke kwenye pedi uitakayo. Ni rehema kubwa kwa mtu msahaulifu. Ni balaa kwa mtu msahaulifu mwenye mdomo.

Saa kumi na moja jioni ukumbi ulikuwa mtupu, viti vimevalishwa vitambaa, Fundi anahangaika na nyaya za spika. Maikrofoni nilikuwa nimeichomeka kwenye sampla ili nipate mwangwi wakati wa kumwita bibi harusi, na taa ya EXT SOURCE ilikuwa inawaka, maana yake ni kwamba sauti ya nje ilikuwa inaingia. Mikisa, inayopeleka sauti kwenye spika, ilikuwa imefungwa. Nikavaa hedifoni, nikagonga kanuni juu ya mbuzi ya nazi, ikatoka lupu, yaani kipande cha muziki kinachojirudia, tamu kiasi kwamba nilijichekea mwenyewe. Nikaiacha izunguke, nikavua hedifoni, na kwa kuwa furaha ya msanii haidumu bila lalamiko, nikamgeukia Fundi nikamwambia maneno ambayo sasa hata watoto wa mtaa wa Shangazi wanayajua kwa moyo:

"Ila Shangazi mwenyewe bahili. Laki moja tuliyokubaliana amenipa nusu, na hiyo nusu ameitoa kama anang'olewa jino."

Fundi akacheka. Kumbukeni kwamba alicheka, kwa sababu katika video amejifanya hajui kitu. Ndipo nilipogutuka kwamba ile lupu tamu sikuirekodi. Nikabonyeza kile kitufe cha rehema, zikarudi sekunde 25, nikazipeleka pedi ya 13, nikarekebisha mwanzo ili uanze kwa mkuno wa kwanza, nikasikiliza sekunde tatu za mwanzo, nikaridhika. Mwisho sikuusikiliza. Biriani lilikuwa limefika.

Saa mbili na nusu usiku ukumbi umejaa. Mshereheshaji anatangaza kwamba bibi harusi yuko mlangoni na mama yake mzazi amemshika mkono. Watu wanasimama. Kamera za simu zinainuliwa. Mshereheshaji ananitazama, ananipa ishara, nami kwa maringo ambayo video imeyahifadhi vizuri kabisa nainua kidole juu kabisa na kukishusha kwenye pedi ya 13.

Mkuno wa kwanza unatoka. Mchi unatua. Kanuni inaingia, na kina mama wanapiga vigelegele ambavyo bado ninavisikia. Shangazi, aliyevaa gauni la dhahabu na kilemba kirefu kuliko keki, anatambua mbuzi yake ya nazi, anacheka, anaanza kutikisa mabega. Nafumba macho. Nilifumba macho, jamani, kwa utamu. Nikiwa katika hali hiyo nasikia mtu anakohoa ndani ya spika, kikohozi ninachokifahamu. Nafumbua macho. Na spika nne, kila moja kubwa kama jokofu, zinatamka kwa sauti yangu, kwa utulivu kama wa msoma taarifa ya habari: "Ila Shangazi mwenyewe bahili."

Mabega ya Shangazi yakasimama. Moja lilikuwa juu, likabaki hukohuko juu.

Akili ikaniambia nikimbilie ISOLATOR, efekti ambayo ingeweza kukata sauti za kati nilimolala mimi na kuwaachia wageni besi na mbuzi ya nazi tu. Akili ilikuwa sahihi. Kidole, kilichokuwa kimelowa jasho na mafuta ya biriani, kikatua kwa jirani yake, DJFX LOOPER, efekti ambayo kazi yake ni kukamata kipande kidogo cha sauti na kukirudiarudia mpaka uiambie basi. Na katika sekunde zote 25, ikakamata palepale pasipotakiwa: "ba-ba-ba-ba-bahili, ba-ba-ba-ba-bahili". Nikazungusha nobu nikidhani ni ya kupunguza sauti. Kumbe nimefupisha kipande, ikawa "ba-ba-ba-ba-ba-ba" ya kasi ya singeli. Nikaibonyeza pedi ya 13 ili izime. Ikazima kweli, taa yake ikafa, lakini efekti ilikuwa imeshachukua chakula chake na haikuwa na haja tena na pedi, ikaendelea kutafuna. Nikampungia Fundi mkono ashushe sauti. Fundi, ambaye ananijua kwa miaka kumi, akaelewa kwamba muziki umenikolea. Akapandisha.

Hapo ndipo vijana wa meza za nyuma walipoingia kucheza.

Nikafanikiwa kuizima efekti. Kimya kikatanda, kimya kizuri, cha kama nusu sekunde, na laiti ningeiacha mikono yangu mapajani sasa hivi ningekuwa nawaandikia kuhusu jambo jingine. Lakini mikono ilikuwa inatetemeka, na kwa kutaka kuhakikisha kwamba pedi ya 13 imekufa, nikaibonyeza tena. Pedi iliyozimwa ukiibonyeza tena inaanza upya. Mkuno wa kwanza ukatoka. Mchi ukatua. Kanuni ikaingia, tamu vilevile, na safari hii watu 200 walikuwa wanajua kinachokuja. Mshereheshaji, ambaye kwa haki alidhani yote hayo yalipangwa na familia kama utani, akainua maikrofoni yake na kuita, "Shangaziii!" Ukumbi ukamjibu. Sitaandika walichojibu. Mama mmoja mnene wa upande wa bwana harusi akaja akicheza mpaka mezani kwangu, akanibandika noti ya shilingi 2,000 kwenye paji la uso lenye jasho, na noti ikashika. Ndiyo picha ambayo baadhi yenu mmeiweka kuwa picha ya wasifu, na nimewaona.

Ile sentensi ya pili, ya laki moja na jino, ilisikika yote, kwa ukamilifu, kwa sababu wakati huo nilikuwa nimeinama chini ya meza nikivuta waya. Niliuvuta waya wa feni.

Yaliyofuata hayana haja ya maneno mengi. Bonyezo moja lililotulia lilimaliza kila kitu, bibi harusi aliingia kwa muziki wa simu ya mshereheshaji, nami nilipiga saa tatu zilizobaki bila kuinua kichwa. Shangazi hakunisemesha usiku ule. Jumapili asubuhi baba alinipeleka kwake kuomba radhi, nikapiga "shikamoo" kutoka getini, ikajibiwa "marahaba" kutoka jikoni, na katikati hapakuwa na mtu. Nilikaa sebuleni saa nzima nikisikiliza anakuna nazi, mikuno minne na kusita, mikuno minne na kusita, na naapa sikurekodi.

Jana jioni akamtuma mjukuu wake aniletee mfuko wa nailoni mzito, na salamu kwamba hayo ni malipo yangu yaliyobaki, shilingi 50,000 kamili, tusije tukadaiana. Ndani mlikuwa na sarafu za shilingi 200, zote. Nilizimwaga mezani kando ya sampla, nikazipanga kumikumi, nikazihesabu mara mbili. Zilitakiwa ziwe 250. Zilikuwa 249.

Nilifungua mdomo, kisha nikaitazama ile taa ya EXT SOURCE. Ilikuwa inawaka.