Kabla hujanunua kihisi, tafuta daftari

Swali lililotumaliza siku ile lilikuwa jepesi tu. Tumeenda ofisini kulalamikia moshi, na grafu zetu, wiki sita za vipimo vya vumbi la hewani, mistari myekundu inapanda kama mlima, tuko watu wanne na tumeshakubaliana nani ataongea, halafu ofisa wa pale akaziangalia zile karatasi kwa muda akauliza, hiki kifaa mlikifunga umbali gani kutoka ukutani, na hizi siku tatu zilizopanda sana hali ya hewa ilikuwaje? Tukabaki tunatazamana. Kifaa kilihamishwa mara mbili, hiyo kila mtu alijua, lakini kilihamishwa lini na kikapelekwa upande gani hakuna aliyeandika popote. Kikao kikaishia hapo.

Nilitoka pale nimekasirika kweli kweli, nikawa nasema hawa watu hawataki kusikia, wanatafuta tu sababu ya kutufukuza. Na inawezekana kabisa hawakutaka kusikia. Lakini baadaye nilipokaa mwenyewe na zile namba nikaona kwamba hata mimi siwezi kulijibu lile swali, na lilikuwa swali la haki. Tangu hapo nina msimamo mmoja na siuachi: kwenye hii sayansi ya wananchi, ya kujitengenezea vifaa na kujipimia wenyewe hewa na maji yetu, kifaa cha kwanza ni daftari. Kihisi, au sensa kama wengine wanavyoiita, kije baadaye.

Ngoja nieleze kile kifaa chenyewe maana ukikijua ndo utaelewa nasema nini. Vihisi vingi vya vumbi vya bei nafuu vinafanya kazi hivi, ndani kuna feni ndogo inavuta hewa, hewa inapita mbele ya mwanga wa leza, chembe zikipita zinautawanya ule mwanga, kijicho cha kielektroniki kinausoma halafu programu inakadiria kuna vumbi kiasi gani. Inakadiria, jamani, humo ndani hakuna mzani. Chembe zinazoogopwa zaidi, zile zinazoitwa PM2.5, hazizidi maikromita 2.5 kwa upana, yaani unywele mmoja wa mtu ni mnene kuzishinda kama mara 30, ndiyo maana zinapenya mpaka ndani kabisa ya mapafu. Sasa hewa ikijaa unyevu, asubuhi ya ukungu kwa mfano, chembe zinafyonza maji zinavimba, kifaa kinaona mwanga mwingi umetawanyika kinaandika vumbi jingi, kumbe sehemu kubwa ya hilo vumbi ni maji. Zile siku zetu tatu nilikuja kuzitafutia kumbukumbu za hali ya hewa, mbili zilikuwa za ukungu mzito. Ya tatu haikuwa na ukungu wowote, huenda ndo moshi wenyewe tuliokuwa tunaulalamikia, ila ikazikwa pamoja na wenzake kwa sababu ya mistari miwili mitatu ambayo hakuna aliyeiandika. Hilo linaniuma hadi leo.

Na tukumbuke tunacheza na namba ndogo sana hapa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango chake cha PM2.5 kutoka maikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa kwa wastani wa mwaka. Ukungu unaweza kukudanganya kwa zaidi ya hapo kabla hujamaliza chai.

Najua kuna mtu atasoma hapa aseme basi vifaa vya bei rahisi havina maana, tuwaachie wataalamu. Hapana, hapo sikubaliani hata kidogo. Marekani, EPA, yaani wakala wao wa mazingira, mwaka 2020 ilianza kuonyesha namba za PurpleAir, vile vihisi ambavyo watu wamevifunga majumbani mwao, kwenye ramani yake ya moto na moshi. Walichofanya ni kuviweka vihisi hivyo pembeni ya mashine zao kubwa, wakaona vinakosea wapi na kwa kiasi gani, wakatengeneza fomula ya kurekebisha inayohesabu na unyevu. Ubovu wa kifaa unaoujua unarekebishika. Kinachoua kazi ni ule ambao hukuuandika.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Flint, mji wa jimbo la Michigan, Marekani. Aprili 2014 mji ule ulibadilishiwa chanzo cha maji wakaanza kupewa maji ya Mto Flint, na maji hayo hayakuwekewa dawa ya kuzuia kutu, kwa hiyo yakawa yanayala mabomba na kuyachomoa madini ya risasi, sumu inayoharibu ubongo wa watoto. Watu wakalalamikia rangi, harufu, vipele, wakaambiwa maji ni salama. Mama mmoja, LeeAnne Walters, akagoma kukubali. Mapema 2015 maji ya nyumbani kwake yalipimwa yakakutwa na risasi sehemu 104 kwa bilioni, wakati kiwango cha serikali kuu cha kulazimika kuchukua hatua kilikuwa 15. Akaungana na mtaalamu wa maji Marc Edwards na timu yake ya chuo kikuu cha Virginia Tech, zikaja boksi 300 za chupa, wakazi wakazigawa na kuzikusanya wenyewe, na zaidi ya sampuli 250 zikarudi maabara.

Watu wengi wakisimulia habari hii wanakimbilia kwenye zile namba, mimi nakaa kwenye namna walivyokinga maji. Kila boksi lilikuwa na chupa tatu na maelekezo: maji yalale kwenye bomba masaa sita au zaidi bila mtu kugusa, halafu chupa ya kwanza inakingwa hapo hapo koki ikifunguliwa, ya pili baada ya sekunde 45, ya tatu baada ya dakika mbili. Kwa nini? Kwa sababu maji yaliyolala ndo yamekaa na bomba la nyumba, yanayofuata yametoka mbali zaidi, kwa hiyo ukilinganisha chupa tatu unaanza kujua risasi inatokea wapi. Upande wa pili, maelekezo ya upimaji rasmi yalikuwa yanawaambia watu wafungulie koki kwa dakika kadhaa usiku wa kuamkia kupima. Fikiria hilo. Mji ni ule ule, mabomba ni yale yale, ila ukiyasafisha kwanza ndo ukapima, risasi inapungua kwenye chupa. Yaani majibu yalishaamuliwa usiku, kabla maabara haijagusa kitu. Walters na wenzake hawakuwa na mashine nzuri kuliko serikali, walikuwa na utaratibu unaoelezeka, mtu yeyote akiuliza mlifanyaje unamsomea mstari kwa mstari.

Halafu kuna zile ndoo. Hii teknolojia ilizaliwa California katikati ya miaka ya 1990 kwa watu wanaoishi jirani na viwanda vya kusafishia mafuta, na ni rahisi mpaka unashangaa: ndoo ya plastiki yenye mfuniko, ndani yake mfuko wa plastiki maalumu isiyochanganyika na kemikali, unanyonya hewa iliyo ndani ya ndoo, na ule mfuko kwa kuwa umebakiziwa njia ya nje unajivuta wenyewe unajaa hewa ya mtaani. Unafunga vali, unapeleka maabara. Kule Norco, Louisiana, mwalimu mstaafu Margie Richard na majirani zake wa mtaa wa Diamond, waliokuwa wamebanwa katikati ya mitambo ya Shell, walizitumia hizo ndoo, na mwaka 2002 kampuni ikakubali kuwanunulia nyumba zao wahame. Miaka ya mapambano ile, si ndoo peke yake.

Lakini ndoo ina udhaifu wake na ni bora kuusema sisi kabla hawajausema wao. Inakamata dakika chache tu. Wewe unakuja na dakika chache, mwenye kiwanda anakujibu kwa wastani wa mwaka, na kwenye wastani wa mwaka ile asubuhi iliyowatapisha watoto inayeyuka kabisa. Hapo ndipo daftari la harufu linapoingia. Ukiwa na kumbukumbu kwamba harufu kama ya yai bovu ilikuja siku hii saa hii upepo ukitoka upande ule, na tena, na tena, ndoo yako inaacha kuwa tukio moja, inakuwa kipande cha mtiririko. Na ujue lini ufungue hiyo ndoo kwanza, maana mfuko ni mmoja na maabara ni gharama.

Kosa ambalo nimeliona kwenye karibu kila kikundi, na chetu kimo, ni kuandika siku mbaya peke yake. Harufu ikija watu wanaandika, isipokuja daftari linalala. Mwisho wa mwezi una kurasa kumi za malalamiko na hakuna namna ya kujua zile siku nyingine ishirini zilikuwa safi au hakukuwa na mtu wa kunusa. Siku ya "hakuna" ni kipimo kamili. Iandikwe.

Baada ya ajali ya mtambo wa nyuklia wa Fukushima, Japani, Machi 2011, kundi la Safecast lilijitengenezea vipima mionzi vyenye GPS, watu wakavifunga kwenye magari, kila baada ya sekunde chache kifaa kinaandika kiko wapi na kimesoma nini bila dereva kugusa. Leo wana vipimo zaidi ya milioni 100, wazi kwa yeyote. Ramani yao ilionyesha barabara kwa barabara kitu ambacho duara la kilomita kadhaa kuzunguka mtambo haliwezi kuonyesha, kwamba mionzi ilifuata upepo na mvua, ikazidi sana upande wa kaskazini magharibi. Navipenda vile vifaa kwa sababu daftari limo ndani yake.

Sasa na ofisi nazo niziseme. Lile swali la ukuta, kwa nini tuliulizwa baada ya wiki sita? Wangeweza kutuambia kabla. Ukurasa mmoja tu ubandikwe mlangoni: ukileta vipimo vya hewa tunataka kujua kifaa gani, kimefungwa wapi, kiliwekwa pembeni ya kifaa chetu kwa siku ngapi, unyevu ulikuwa kiasi gani. Kukaa na maswali hayo mezani halafu kuyatumia kama mlango wa kuwatolea watu nje si haki, na hapa sina lugha laini. Wanaovuta ule moshi ndo hao hao wanaojitolea kuupima.

Na si lazima uanze na umeme na programu za kompyuta. Mwaka 1865 padri mmoja wa Kitaliano, Angelo Secchi, alishusha sahani baharini kutoka kwenye meli ya Papa akawa anaangalia inapotelea kina gani, na mpaka leo watu wanaopima uchafu wa ziwa wanatumia sahani ya namna ile, siku hizi ni ya sentimita 20, robo nyeusi robo nyeupe, kamba yenye alama. Unaishusha mchana upande wenye kivuli, bila miwani ya jua, unaandika kina ilipopotea, unaivuta taratibu unaandika ilipoonekana tena, unachukua katikati. Mtoto wa shule anaweza. Ila asipoandika kwamba jana ilinyesha, maji yaliyochafuka kwa tope la mvua yatasomeka sawa na maji yaliyochafuliwa na mtu.

Kikundi chetu kimeanza upya. Vihisi viwili, wiki nzima ya kwanza vilikaa pamoja sentimita chache kati yao tuone vinatofautiana kiasi gani, sasa kimoja kimeenda upande wa pili. Daftari linazunguka kwa watu watano, kila jioni linapigwa picha na simu ili likipotea kurasa zibaki. Leo ilikuwa zamu yangu, nikaandika: saa 12:40 asubuhi, upepo hafifu kutoka mashariki, ukungu hakuna, jana mvua hakuna, kifaa A mita mbili kutoka ukutani, hakijahamishwa tangu tarehe 3. Harufu: hakuna.