Mkazo Usiokalika

Jamani, hivi Kiingereza kinanidai nini?

Kwetu Kiswahili mkazo, ile nguvu ya sauti kwenye silabi moja ya neno, una adabu. Silabi ya pili kutoka mwisho, basi. Pika, pikia, pikiana: bandika viambishi mpaka uchoke, kiti chake ni kilekile. Wakorofi wapo, kama barabara (ile ya "sawasawa", si ya magari), lakini unawahesabu kwa vidole.

Sasa chukua photograph. Mkazo uko mwanzoni kabisa. Haya. Mpiga picha mwenyewe ni photographer, na mkazo umeshasogea silabi ya pili. Ukisema photographic, umekimbilia ya tatu! Mzizi uleule, mkazo unahamahama kama mpangaji anayemkwepa mwenye nyumba. Wajuzi wakanituliza: ukiona -ic mwishoni, kaza silabi inayoitangulia. Nikakariri music, electric, fantastic, nikaanza hata kujisikia. Ndipo likaja arithmetic. Likiwa nomino linakazwa silabi ya pili, likiwa kivumishi linakazwa ya tatu. Hesabu hiyo! Kitu pekee tulichotegemea kisibadilike!

Na hizo aina za maneno nazo, mh. Kwetu neno likibadili kazi linabisha hodi: pika, mpishi, mapishi, unajua nani kaingia. Round hana habari. Ni nomino, kivumishi, kitenzi, kielezi na kihusishi, sura ileile, herufi zilezile, wewe tafuta mwenyewe leo kaamkaje.

Eti shika mizizi, utayajua maneno yote. Nikashika scribere ya Kilatini, kuandika. Describe nikaliona. Description, ile b imegeuka p bila kuaga. Nikavumilia. Nikaambiwa in- inakanusha: visible huonekana, invisible haionekani. Safi. Kumbe inflammable inawaka moto! In- hiyo si ile ya kukanusha, na utaijuaje, wakati kiberiti kiko mkononi? Ndiyo maana siku hizi kwenye mapipa huandikwa flammable, kuokoa watu kama mimi tunaoamini sarufi.

Kuna kanuni moja nilikuwa naipenda. Record, permit, object: nomino hukazwa mbele, kitenzi hukazwa nyuma. Report likaikataa, lenyewe linakazwa nyuma tu, liwe nomino liwe kitenzi. Answer nalo linakazwa mbele daima. Kanuni gani hii ya kubembeleza?

Angalau refuse inaitii. Ukikaza mwanzo ni takataka, ukikaza mwisho ni kukataa.

Mimi nakaza mwisho.