Kazi Nyingine Nitakazopangiwa

Barua yangu ya ajira ina majukumu 9 yaliyoandikwa kwa lugha ya heshima, na chini yake upo mstari wa kumi ambao siku ya kutia saini niliupita haraka kama mtu anavyozipita salamu za mwishoni mwa barua: "Kufanya kazi nyingine zozote atakazopangiwa na mkuu wake wa kazi." Huu ni mwezi wangu wa pili katika mji huu mgeni, na ninawathibitishia kwamba yale majukumu 9 bado sijayatia machoni. Ninaishi katika mstari wa kumi. Nimehamia humo na mizigo yangu yote.

Mizigo yenyewe nayo ni kesi. Usiku wa kufungasha nilianza kwa utaratibu, nikawa ninaandika juu ya kila boksi kwa kalamu nene: vyombo, vitabu, mashuka. Ilipofika saa nane za usiku, uchovu ukanizidi nguvu, nikaanza kutumbukiza chochote kilichokuwa karibu na mkono na kuandika "vitu vingine". Nina maboksi 14, na kati ya hayo 11 ni vitu vingine. Kwa hiyo kila alfajiri mimi, mtu mzima niliyeajiriwa kwa sababu ya umakini wangu, hupiga magoti sakafuni nikiisaka soksi ya pili. Pasi haijaonekana hadi leo. Nimelazimika kuyalaza mashati yangu chini ya godoro, na shati lililolala chini ya godoro huamka na mistari iliyonyooka vizuri sana, ila katika sehemu ambazo shati la mtu mwenye pasi halina mistari.

Kazini nimemrithi mtangulizi ambaye sijawahi kumwona. Nimerithi meza yake, madeni yake ya majibu, na hata jina lake, kwa maana mlinzi wa getini huniita kwa jina hilo kila asubuhi. Nilimsahihisha mara tatu, sasa ninaitika tu. Juzi mtu alinipigia simu akanilaumu vikali kwa ahadi niliyompa mwaka jana, wakati ambapo mimi nilikuwa hata sijui mji huu uko upande gani wa ramani, nami nikamwomba radhi kwa unyenyekevu mkubwa na kumwahidi upya. Kiti chake nacho kimebonyea upande wa kushoto, hivyo siku nzima ninakaa nimeinama kama mtu anayetaka kumnong'oneza jirani yake. Jirani mwenyewe amedhani ninatafuta umbea, akaanza kunipa. Nakiri kwamba hayo ndiyo mafunzo elekezi pekee yaliyonifaa hadi sasa, kwani yale rasmi yalichukua nusu saa, nikaonyeshwa choo na mlango wa dharura, kisha nikajaza fomu ya kuthibitisha kwamba nimeelekezwa.

Vikao ndivyo vilivyonimaliza. Wenzangu huzungumza kwa vifupisho vitupu, nami nilikuwa ninavinakili kimyakimya kwenye daftari nikitikisa kichwa kwa busara. Katika wiki ya tatu nilijitia ujasiri, nikauliza kifupisho kimoja, kilichokuwa kikitajwa kuliko vyote, maana yake ni nini. Chumba kikanyamaza. Watu wakatazamana, mmoja akaanza kutafuta kitu chini ya meza, na nikatambua kwamba hapakuwa na aliyejua. Mkuu wa kitengo akakohoa, akasema, "Swali zuri sana, bwana. Kwa kuwa umeliibua wewe, tuandalie kurasa 5 za ufafanuzi kabla ya Jumatatu." Ningekataaje? Niko katika miezi 6 ya majaribio, na shingo ya mtu aliye katika majaribio hujua kuinama tu.

Ijumaa iliyopita, saa kumi na dakika arobaini jioni, mkoba ukiwa tayari begani, mkuu huyohuyo alisimama mlangoni akaniuliza kwa upole kama nimeshazoea mazingira. Upole wa saa kumi na dakika arobaini nimeanza kuuogopa kuliko ukali wa asubuhi. Nikajibu kwamba ninaendelea vizuri. Akafurahi, akaniarifu kwamba stoo ya nyaraka inahamishiwa ghorofa ya pili, na kwamba uongozi umeona msimamizi anayefaa ni mimi, "kwa kuwa wewe una uzoefu wa karibuni wa kuhama."

Tulifungasha hadi usiku, mimi na kijana wa stoo, naye alikuwa na bidii na hakuandika chochote juu ya boksi bila kuniuliza kwanza. Katika boksi la 31 tulikuta mafaili yasiyo na majalada ya mbele, nyaya, mhuri uliovunjika mpini na kiatu kimoja.

"Na hili tuliandike nini, mzee?"

Nikatazama saa, kisha nikamwomba kalamu.